Je, Wajua? Kichujio cha Mwanga Kinachobadili Rangi kwa Kuinamishwa

Katika miaka ya 1890, mtengenezaji wa lenzi nchini Uingereza, Harold Dennis Taylor, aliona jambo lisiloingia akilini. Lenzi kuukuu za darubini, ambazo uso wake ulikuwa umeingia ukungu wa rangirangi kwa kukaa hewani miaka mingi, zilipitisha mwanga mwingi kuliko lenzi mpya zinazometa. Utando ule wa uchakavu ulikuwa ukipunguza mwanga unaorudishwa na kioo. Mwaka 1904 Taylor akasajili hataza ya njia ya kuzichakaza lenzi mpya kwa kemikali, makusudi kabisa.

Historia ya vichujio vya tando nyembamba imejaa visa vya namna hii. Kasoro inayomkosesha fundi mmoja usingizi ndiyo kitendea kazi cha mwenzake.

Je, wajua kuwa kichujio kikali cha rangi hutengenezwa kwa vitu visivyo na rangi? Oksidi ya titani na oksidi ya silikoni, zikiwa tando nyembamba, zote ni angavu. Zikipangwa tabaka juu ya tabaka, kila mpaka hurudisha mwanga kidogo. Vilele vya mawimbi vikikutana na vilele, nguvu huongezeka. Vikikutana na mabonde, hufutana. Basi unene ndio unaoamua rangi ipi ipite na ipi irudi. Povu la sabuni hufanya hivyo bure: maji yanaposhuka, sehemu ya juu hukonda, rangi zinabadilika, na muda mfupi kabla ya kupasuka huonekana nyeusi.

Unene wenyewe ni mdogo kupita kiasi. Kwa mwanga wa kijani wa nanomita 550, tabaka moja la floridi ya magnesiamu huwa na nanomita 100 tu hivi, nalo latosha kushusha mwanga unaorudishwa na uso wa kioo kutoka asilimia 4 hadi asilimia 1 na ushee. Vichujio vya kazi nyeti huweza kuwa na tabaka zaidi ya 100. Hutengenezwa ndani ya chemba iliyonyonywa hewa yote: malighafi huchemshwa kwa miali ya elektroni, mvuke wake ukaganda juu ya kioo. Kujua wakati wa kusimama ndiko kwenye ufundi. Pembeni huwekwa fuwele ya kwatzi inayotetema, na kadiri utando unavyoirundikia uzito, ndivyo mtetemo wake unavyopungua. Kupanga tabaka hizo zote sasa ni kazi ya kompyuta. Njia mojawapo maarufu, iliyobuniwa na Alexander Tikhonravov wa Moscow, huitwa ya sindano, kwa kuwa programu huchomeka tabaka jembamba sana mahali ambapo litaleta nafuu kubwa zaidi.

Sasa tuzirudie zile kasoro.

Ukiinamisha kichujio, rangi inayopita husogea, na daima huelekea upande wa mawimbi mafupi. Kichujio cha kawaida cha nanomita 550 kikiinamishwa nyuzi 45 chaweza kupitisha nanomita 515 hivi. Fundi wa vichujio visivyobadilika hulichukia jambo hili. Fundi wa vichujio vinavyorekebishika hulifungia mota. Shida ni kwamba kwenye mwinamo mkubwa mwanga hujigawa: mawimbi yanayotikisika upande mmoja hukikuta kichujio kimebana, na yale ya upande wa pili hukikuta kimepanuka. Kuvibuni vichujio vinavyobaki na umbo lake hata vikiinama nyuzi 60 kulihitaji akili nyingi, na leo vinatumika kwenye hadubini za maabara za baiolojia.

Unene usio sawa nao? Kwa kawaida vioo huzungushwa ndani ya chemba ili mvuke usirundikane upande mmoja. Lakini utando ukiachwa makusudi uwe mwembamba huku na mnene kule, kila sehemu ya kioo hupitisha rangi yake. Kichujio cha aina hiyo kilikuwamo ndani ya chombo New Horizons kilipopita karibu na Pluto Julai 2015. Darubini ya SPHEREx, iliyorushwa Machi 2025, inaipima anga yote kwa rangi 102 za infraredi bila gurudumu lolote la vichujio. Inajigeuza tu, na nyota zikapita mbele ya rangi moja baada ya nyingine.

Joto pia huhamisha rangi, kwa hiyo wahandisi wa mawasiliano ya nyuzi za kioo waliunda vichujio vya silikoni vinavyorekebishwa kwa kupashwa moto. Unyevu nao ni adui wa zamani: huingia kwenye vitundu vya utando na kuharibu vipimo. Huko Panama kuna mbawakawa, Charidotella egregia, anayeishi kwa kasoro hiyohiyo. Tabaka za gamba lake zikijaa majimaji, hung'aa kama dhahabu. Akisumbuliwa, huyaondoa, kioo chake kikafifia, na wekundu ulio chini ukajitokeza.

Na kinyonga? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva walionyesha mwaka 2015 kuwa kinyonga chui wa Madagaska hubadili rangi hasa kwa kutanua nafasi kati ya fuwele ndogo za guanini zilizo ndani ya ngozi. Akitulia, fuwele hukaribiana na kurudisha buluu, ambayo pamoja na umanjano wa ngozi hutoa kijani. Akikasirika, hutengana, na rangi husogea kuelekea njano na nyekundu.

Kutanua nafasi ndiyo kanuni ya kifaa ambacho Kanada ilikusudia kukipeleka ndani ya darubini ya James Webb: vioo viwili vinavyotazamana, pengo lake likirekebishwa kwa umeme. Anayoyafanya kinyonga kwa hasira yaliwashinda wahandisi katika baridi kali ya angani. Mwaka 2011 mpango ulibadilishwa, na kifaa kikaundwa upya bila vioo hivyo, kwa jina la NIRISS. Darubini ilirushwa Desemba 2021 ikiwa nacho, na vichujio vyake vya tando ni vya unene usiobadilika.