Makumbusho Yasiyo na Kuta: Fursa ya Halmashauri za Tarime na Serengeti

Watalii wengi wanaopita Mugumu kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, huja kwa ajili ya wanyamapori. Historia ya Waikoma, Wanata, Waisenye, Wangoreme na Wakurya, wenyeji wa ardhi hiyo, si wengi wanaoisikia. Mtalii asipopata sababu ya kusimama kijijini, fedha zake nazo hazisimami hapo.

Mwaka 1971, nchini Ufaransa, Hugues de Varine alibuni jina la aina mpya ya makumbusho ambayo si jengo, bali ni eneo zima pamoja na watu wake. Kitu hubaki mahali kilipozaliwa, na mwenyeji ndiye mtunzaji na msimulizi. Hapo ndipo yanapotofautiana na Kijiji cha Makumbusho cha Dar es Salaam, ambako nyumba za asili za jamii mbalimbali zimejengwa mbali na kwao. Nchini Japani, mji wa Asahi mkoani Yamagata ulilifanya wazo hilo kuwa sehemu ya mipango yake ya maendeleo, mashamba ya wakulima yakiwemo.

Wilaya za Tarime na Serengeti zina mengi ya kuunganisha kwa njia hiyo: ngome ya Ikoma iliyojengwa na Wajerumani, Mto Mara, mashamba ya kahawa ya nyanda za juu za Tarime, na litungu, ala ya nyuzi 8 ya Wakurya. Aidha, uzoefu wa ushirikiano upo. Vijiji vya Robanda, Nyichoka, Makundusi, Nata-Mbiso na Park Nyigoti vinasimamia kwa pamoja Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori Ikona na kunufaika na mapato ya utalii.

Nguvu ya kisheria nayo ipo. Ibara ya 146 ya Katiba inaeleza kuwa madhumuni ya Serikali za Mitaa ni kuwapa wananchi madaraka, na halmashauri zinaweza kutunga sheria ndogo. Hatua ya kwanza ni mikutano mikuu ya vijiji kuandaa orodha ya urithi wao na kuamua kipi kioneshwe na kipi kibaki siri ya ukoo. Hatua ya pili ni kuweka wazi mgawanyo wa mapato kabla mgeni wa kwanza hajalipa. Wataalamu wa Mambo ya Kale washauri. Wasichukue nafasi ya wenyeji.

Mpango huu pia utadai ujasiri. Si kila mila inastahili kuendelezwa. Ukeketaji wa wasichana walio chini ya umri wa miaka 18 ni kosa la jinai tangu mwaka 1998, na hauwezi kugeuzwa kivutio. Makumbusho yanayoongozwa na jamii yanaweza kueleza kwa nini mila hiyo iachwe, huku ngoma, ujenzi, kilimo na masimulizi vikirithishwa.

Jengo huweza kusubiri bajeti ya mwaka ujao. Kumbukumbu za wazee haziwezi, kwa kuwa kila anayefariki bila kusikilizwa huondoka na sehemu ya makumbusho hayo. Kazi ya kuandaa orodha haihitaji tofali hata moja. Inahitaji halmashauri kuitisha kikao, na vijana kukaa na wazee wao wakiwa na daftari mkononi.