Kamera ya Joto na Maji Yaliyojificha Ukutani

Mwezi wa Januari mjini Minneapolis, wastani wa joto la nje huwa kiasi cha nyuzi 9 za Selsiasi chini ya sifuri. Ndani, hita hushikilia joto la nyuzi 20. Kinachotenganisha hali hizo mbili ni ukuta wa mbao na jipsamu, na humo ndimo maji hujikusanya bila mtu kujua. Rangi yaweza kubaki safi msimu mzima, ilhali nguzo za mbao nyuma yake zimeanza kuoza.

Sehemu kubwa ya maji hayo hutokana na wakazi wenyewe. Kupumua, kupika, kuoga na kuanika nguo ndani huongeza lita kadhaa za mvuke hewani kila siku. Hewa ya nyuzi 20 yenye unyevu wa asilimia 50 huanza kutoa matone inapogusa kitu chenye nyuzi 9 hivi, na kona iliyokosa sufi ya kuzuia baridi hufikia ubaridi huo upesi. Kuvu yenyewe haingoji matone. Hewa inayogusa ukuta ikizidi unyevu wa asilimia 80 kwa muda mrefu, kuvu huota.

Paa nalo lina mkasa wake. Joto linalovuja darini huyeyusha theluji iliyo juu, maji yakateremka hadi ukingoni, na huko yakaganda tena yakawa kizingiti cha barafu. Maji yanayofuata hukosa njia, hurudi nyuma na kupenya chini ya vigae.

Kuyatafuta maji hayo bila kubomoa ukuta, mafundi hutumia kamera ya joto. Mionzi ya infraredi, ambayo kamera hiyo huipokea, iligunduliwa na William Herschel mwaka 1800. Kampuni ya Honeywell, ambayo wakati huo ilikuwa na makao makuu Minneapolis, ilitengeneza kwa ajili ya jeshi kihisio kisichohitaji kupozwa, na siri yake ikafunguliwa mwaka 1992. Leo kuna kamera za aina hiyo zinazochomekwa kwenye simu.

Kamera hii haipenyi ukuta, wala haioni maji. Hupima joto la uso wa ukuta tu. Maji hujifichua kwa njia mbili: yanapokauka huchukua joto la mahali yalipo, na kwa kuwa huchelewa kupata moto kuliko jipsamu, sehemu iliyolowa hubaki nyuma chumba kinapopashwa. Ndiyo maana mafundi hupenda kupima wakati tofauti ya joto la ndani na nje inafika nyuzi 10 au zaidi.

Hata hivyo, si kila doa la baridi ni maji. Pengo la sufi huwa na kingo zilizonyooka zinazofuata nguzo. Upepo unaopenya huacha michirizi kama vidole. Unyevu hutapakaa bila umbo maalumu, mara nyingi ukishuka kutoka kwenye bomba au paa. Fundi makini huchoma mita ya unyevu mahali pale kabla ya kutoa uamuzi. Mbao ikizidi asilimia 20, kuna sababu ya kuhofu.

Kugundua tatizo hakutoshi. Mjini Rochdale, Uingereza, mtoto wa miaka miwili, Awaab Ishak, alifariki Desemba 2020. Uchunguzi wa mahakama ulithibitisha mwaka 2022 kwamba chanzo ni kuishi muda mrefu katika nyumba yenye kuvu. Kuvu hiyo ilionekana kwa macho, na wazazi wake walikuwa wamelalamika. Sheria ya mwaka 2023 sasa inawabana wenye nyumba za kijamii kushughulikia unyevu kwa muda uliopangwa.

Kwa hiyo picha ya kamera ifuatwe na kazi: kuziba uvujaji, kuongeza sufi darini, kuwasha feni ya kutoa mvuke jikoni na bafuni, na kung'oa jipsamu iliyooza. Kupaka rangi juu ya doa huficha tu dalili. Ukuta ukishakauka, upigwe picha tena, na mita ichomwe palepale.