Dodoki la kuogea linavyoweza kuokoa nyanya zisioze

Mchuuzi wa nyanya Kisesa, jirani na Bujora mkoani Mwanza, anaijua hesabu hii kichwani. Zisipouzwa leo, kesho zinalainika, keshokutwa zinaondoka kwa bei ya hasara. Friji ni ghali, na hata ukiwa nayo, bado kuna luku.

Lakini kuna njia ya kupooza mboga bila umeme: maji, upepo na nyuzi za mimea.

Inafanyaje kazi?

Ni siri ileile ya mtungi wa bibi. Maji yanapopenya kwenye udongo na kukauka nje, yanaondoka na joto. Lita moja ikikauka yote hubeba joto linalokaribia theluthi mbili ya uniti moja ya umeme.

Kazi ya nyuzi ni kushika maji na kuyatandaza ili hewa iyafikie kwa wingi.

Nyuzi zipi ni bora?

Jaribio lililofanyika Saudi Arabia na kuchapishwa mwaka 2002 lilipima nyuzi tatu dhidi ya pedi ya dukani. Juti ilipata ufanisi wa asilimia 62, dodoki 55, pedi ya dukani 50 na mtende 39.

Juti iliongoza, ila iliota ukungu na kuchakaa haraka. Kwa ujumla dodoki ndilo lililoshinda, yaani hilohilo la kusugulia mwili.

Katani haikuwemo kwenye jaribio hilo, lakini Usukumani mkonge unaota hadi kwenye mipaka ya mashamba, hivyo kujaribu hakuna gharama kubwa.

Jinsi ya kutengeneza

1. Tengeneza fremu ya miti yenye rafu ndani.
2. Zungushia wavu pande zote, mara mbili, ukiacha nafasi ya vidole vitatu hivi katikati.
3. Jaza nafasi hiyo madodoki yaliyokatwa au nyuzi za katani.
4. Juu weka chupa au ndoo yenye matundu madogo, maji yadondoke taratibu.
5. Weka kivulini, penye upepo. Ukiweka ndani ya chumba kilichofungwa, unyevu unabaki humo na ubaridi unakwisha.

Usitegemee miujiza

Ukavu wa hewa ndio unaoamua. Kukiwa na nyuzi joto 30 na unyevu wa asilimia 50, dodoki linaweza kushusha joto kwa nyuzi 4 hivi. Unyevu ukifika asilimia 80, kama siku za mvua kando ya ziwa, unapata nyuzi moja na nusu tu. Kwa hiyo kiangazi ndio msimu wake.

Nyuzi 4 si nyingi, ila kwa nyanya na mchicha zinasaidia, na unyevu wa ndani unazuia mboga kunyauka. Tena nyanya hazipendi baridi kali: chini ya nyuzi 10 zinaharibika ladha.

Sato, sangara, nyama na maziwa usiviweke humo. Hivyo vinahitaji friji au barafu.

Kila wiki toa nyuzi, zioshe na uzianike juani ili ukungu usiote. Maji yanayochuruzika yasituame chini, mbu watazaliana.

Kabla ya kujenga kubwa, anza na boksi dogo. Weka nyanya chache ndani, nyingine nje, uone zipi zinatangulia kulainika.