Je, Wajua Kwa Nini CD "Huchomwa"?

Sombetini, Arusha, bado zipo nyumba ambazo ukivuta droo ya meza ya TV utakuta DVD ya harusi au ya kipaimara, jina limeandikwa juu kwa maka peni. Itoe, igeuze, uisogeze dirishani. Upande wa chini una rangi ya zambarau. Iinamishe kidogo uone duara: kuanzia katikati rangi imebadilika, kuelekea ukingoni imebaki kama ilivyotoka dukani. Harusi yote imo kwenye ile sehemu iliyobadilika.

Neno "kuchoma" halikukosea, iwe ni DVD hiyo au CD. CD ya kiwandani, ile ya rangi ya fedha, hugongwa kama mhuri. Ile tupu ina tabaka jembamba la rangi ya kikaboni. Kampuni ya Taiyo Yuden ya Japani, iliyoileta mwaka 1988, ilitumia sianini. Wengine wakachagua thalosianini, ambayo molekuli yake inashabihiana na klorofili ya jani la mgomba, au azo, ukoo uleule wa rangi za vitambaa. Leza ikiwaka kwa nguvu, rangi hunywa mwanga, hupata moto na kuungua palepale. Wakati wa kucheza, deki humulika kwa nguvu ndogo tu: penye doa mwanga hurudi hafifu, pasipo na doa hurudi mkali. Madoa hayo yamepangwa kwenye mstari mmoja unaozunguka kama gamba la konokono. Ukiunyoosha wa CD moja unakaribia kilomita 6.

Shida ni kwamba rangi inayosikia leza inasikia na jua. Sianini hupauka upesi, thalosianini huvumilia zaidi. Ndiyo maana CD ya kuchoma iliyoning'inizwa shambani kutishia ndege, au kwenye kioo cha bajaji, haifai tena kurudishwa kwenye deki. Na kwenye CD tunalinda upande usio wenyewe: chini kuna plastiki ya zaidi ya milimita moja, ila juu, penye jina, rangi imefunikwa na utando mwembamba wa metali na vanishi tu. Ukiandika kwa kalamu ya wino kwa kukandamiza, unaweza kuitoboa.

DVD yetu ya kipaimara ilikaa miaka juu ya deki, pembeni ya dirisha linalopigwa na jua la asubuhi. Pasaka moja mama akataka tuiangalie. Kwaya ikaingia kanisani, ikaanza kuimba, ikaganda midomo wazi.