Konokono wa jiwe ni wa nani? Jinsi spishi mpya inavyotambuliwa na kupewa jina

Mwaka jana nilikuwa Kericho kwa shughuli za kifamilia. Tukiwa hotelini tukinywa chai, kijana mmoja wa upande wa Fort Ternan alisikia lafudhi yangu, akajua mimi ni mtu wa pwani. Akatoa mfukoni kijiwe kilichojikunja kama konokono. "Mzee, huyu ni wa kwenu," akaniambia. "Kwani bahari ilifika mpaka huku?"

Nikamjibu kwa haraka kwamba huenda ilifika. Nilikosea, na kosa hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Kericho iko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na miamba yake mingi imetokana na volkano. Bahari haikuijenga. Fort Ternan, iliyo katika kaunti hiyo hiyo, ni mahali panapojulikana duniani kwa visukuku vya karibu miaka milioni 14. Humo mna mifupa ya swala, twiga wa kale na nyani, na pia konokono. Lakini hao ni konokono wa nchi kavu, waliotambaa chini ya miti na kwenye nyasi.

Walidumu kwa sababu gamba la konokono ni chokaa. Udongo unaopendwa na mchai una asidi, na asidi huila chokaa, kwa hivyo gamba likiachwa shambani huisha. Fort Ternan mambo yalikuwa tofauti: majivu ya volkano yalifunika viumbe, na ardhi ile ilikuwa na chokaa ya kutosha kuwahifadhi.

Kwa hivyo, mpenzi msomaji, swali la kwanza la mtaalamu huwa "umemtoa wapi?" kabla ya "huyu ni nani?" Mahali na tabaka la mwamba ndivyo vinavyosema kama alikuwa wa bahari, wa mto au wa msituni, na aliishi lini. Konokono aliyetolewa mfukoni bila anwani amepoteza nusu ya habari yake.

Swali la pili ni umbo. Mtaalamu humsafisha taratibu kwa sindano na brashi, kisha huhesabu mizunguko ya gamba, hupima kimo na upana, na huangalia mistari, mbavu na vinundu. Mdomo wa gamba husema mengi. Konokono wengi wa baharini wana mfereji au upenyo kwenye ukingo wa mdomo, wa kupitishia maji. Mtazame kululu: mdomo wake ni mwembamba na una upenyo kila upande. Konokono wa nchi kavu hana haja na mfereji wa namna hiyo.

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Kululu mchanga ana gamba jembamba na mdomo mpana, wala hafanani na mama yake. Asiyejua angeweza kumtangaza kuwa ni spishi nyingine. Vivyo hivyo gamba lililosagwa na mawimbi, au lililoyeyuka likaacha tope lililogeuka jiwe ndani yake. Ndiyo maana kielelezo kimoja kibovu hakitoshi. Hutafutwa vingi, vya wakubwa kwa wadogo, ili ijulikane tofauti ni ya umri au ni ya ukoo.

Tatu ni kulinganisha na waliokwisha kupewa majina, na kazi hii ndiyo ndefu. Kwa konokono wa kale wa bara la Kenya, mtu hawezi kuikwepa kazi ya Bernard Verdcourt ya mwaka 1963, iliyoeleza wale wa Rusinga na sehemu nyingine za nchi. Kwa wa baharini huanza na L. R. Cox, aliyeandika juu ya magamba ya kale ya Zanzibar mwaka 1927. Ikigunduliwa kwamba spishi ilishapewa jina, jina la kwanza ndilo hushinda, na lako hufa.

Akionekana kweli ni mgeni, maelezo huchapishwa pamoja na picha na vipimo. Kanuni ya kimataifa ya majina ya wanyama, ambayo toleo lake la 4 lilianza kutumika mwaka 2000, inataka kielelezo kimoja kitajwe kuwa holotaipu, yaani shahidi wa jina, na isemwe kimehifadhiwa wapi. Anayetilia shaka aende akakitazame.

Basi mashahidi wetu wako wapi? Visukuku vingi vya pwani ya Kenya vilivyoelezwa mwaka 1930 kutokana na mkusanyo wa Bi McKinnon Wood vilipelekwa Glasgow. Mwanafunzi wa Kilifi anayetaka kulinganisha lazima asafiri au aombe picha.

Na majina je? Mwaka 1961 Heselon Mukiri, msaidizi wa Louis Leakey, ndiye aliyekipata Fort Ternan kisukuku mashuhuri cha nyani. Mwaka uliofuata Leakey alikiita *Kenyapithecus wickeri*, kwa heshima ya Fred Wicker, mwenye shamba. Mukiri hayumo katika jina hilo. Lakini swala mmoja wa hapo anaitwa *Kipsigicerus*, na Wakipsigis wamo. Mwaka 2019 mnyama mla nyama kutoka Meswa Bridge, magharibi mwa Kenya, aliitwa *Simbakubwa kutokaafrika*. Mifupa yake ilikaa miaka mingi kwenye droo za makumbusho Nairobi kabla ya mtu kuitazama vizuri. Kiswahili kinakubalika, na droo zetu wenyewe zina kazi.

Sisi wa pwani tunajengea nyumba mawe ya matumbawe yaliyojaa magamba. Mengi ni ya spishi zinazoishi hadi leo, lakini nani ameyatazama yote kabla hayajapondwa? Ukikuta la ajabu, usilichokoe. Piga picha pamoja na mwamba wake, andika mahali hasa, kisha toa taarifa kwa Makumbusho ya Taifa. Sheria ya mwaka 2006 inakupa siku 7, na wa Mombasa hana haja ya kwenda mbali: Fort Jesus iko chini ya makumbusho hayo.

Yule kijana nilimpigia simu kumwambia kwamba nilimdanganya bila kukusudia. Nikamuuliza kama anakumbuka alikoliokota jiwe lake. Akasema anapakumbuka, ni karibu na njia ya mto. Nikamwambia aandike hivyo kwenye karatasi, alifungie jiwe ndani yake, na vyote viwili avipeleke makumbusho.