Mizani Kumi na Saba kwenye Njia ya Ujiji

Mshororo mmoja wa shairi la unne, ule wa vipande viwili tuliouzoea, una mizani 16. Haiku nzima ina 17. Mtunzi wa Tabora anayejaribu utungo huu wa Kijapani anapewa nafasi ya mshororo mmoja na mizani moja ya nyongeza, na humo anatakiwa kuweka mahali, majira na tukio. Ubeti wa unne ungempa mizani 64.

Kuhesabu hakutamtisha. Sheikh Kaluta Amri Abedi (1924–1964), mzaliwa wa Ujiji aliyesoma Tabora, alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, na watunzi wengi wamejifunza vina na mizani humo. Kijapani nacho kina hesabu iliyo jirani: silabi zake nyingi huishia kwa irabu, na n inayosimama peke yake hupewa mizani yake kamili, sawa na m ya “mti”. Ndiyo maana mistari mitatu ya 5, 7 na 5 hukaa vyema katika Kiswahili. Washairi wengi wa Kiingereza wameiacha hesabu hiyo.

Kinachosumbua ni vitenzi vyetu. “Walipotutembelea” peke yake ina mizani nane. Haienei hata katika mstari mrefu kuliko yote. Basi mtunzi wa haiku huegemea nomino, tena zile fupi.

Utungo wenyewe ulizaliwa katika kupokezana. Washairi wa Japani walikaa pamoja wakatunga beti kwa zamu, na ubeti wa kufungulia, hokku, ndio uliokuja kujitegemea. Matsuo Bashō (1644–1694) aliupa heshima. Masaoka Shiki (1867–1902) akaupa jina la haiku. Bashō alikuwa mtu wa miguu: mwaka 1689 aliondoka Edo, Tokyo ya leo, akazunguka kaskazini kwa mwendo wa takriban kilomita 2,400. Wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe kutoka Unyanyembe, eneo la Tabora, hadi Bagamoyo wangemwelewa, ingawa yeye hakuwa na mzigo wa kutajwa.

Haiku ya jadi hutaka neno la majira, na Wajapani wana vitabu vizima vya kuyaorodhesha maneno hayo. Hapa ndipo mwanafunzi wa Tabora anapokosea kirahisi: anaandika theluji na maua ya mcheri. Ya nini, wakati miombo inamwekea kalenda mlangoni? Septemba na Oktoba, kabla tone halijaanguka, majani machanga huchipua na rangi ya shaba. Mvua zikianza, kwa kawaida Novemba, kumbikumbi huruka. Uyoga hufuata, na embe huiva. Baadaye mabani ya tumbaku hutoa moshi. Neno “kumbikumbi” likitajwa, msomaji wa huko haambiwi tena kwamba ardhi imelowa.

Tuchukue mfano uliotungwa kwa ajili ya makala hii, kuhusu tembe, nyumba ya udongo, ya Kwihara karibu na Tabora, walikokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872:

Tembe ya kale –
kumbikumbi langoni,
hakuna mtu.

Hesabu inatimia kwa sababu “mtu” ni mizani mbili. Kistari kinafanya kazi ya neno la kukatia ambalo Wajapani huliita kireji: kinatenganisha jengo na wadudu, halafu msomaji anaviunganisha mwenyewe. Sasa badilisha mstari wa mwisho uwe “dunia njia”. Mizani ni tano vilevile, lakini haiku imekufa, imegeuka wasia. Mkono uliolelewa na tenzi huvutwa huko daima, kwani ushairi wetu umefunza na kuonya kwa karne nyingi, na hauoni aibu kufanya hivyo.

Vina navyo huachwa, na hili ndilo linalowauma wengi. Mizani 17 ni chache mno. Kina kikirudi mara tatu humo, sikio hushika mlio na kusahau kumbikumbi. Kichwa cha shairi hakihitajiki. Wala hakuna ubeti wa tamati wa mtunzi kutaja jina lake na mji wake, kwa hiyo anayetaka ijulikane kwamba ametoka Tabora itambidi aitaje miombo, au tembe, ndani ya hesabu ileile.