Kigandishi Gani Ununue kwa Jibini Lako?

Anayetengeneza jibini nyumbani au kwenye kiwanda kidogo atakutana na aina tatu za kigandishi cha maziwa, na macho hukimbilia chupa ya bei nafuu. Kabla hujalipa, tafuta kwenye lebo nguvu yake, inayoandikwa IMCU. Kigandishi cha 200 IMCU kwa mililita hutiwa kama mililita 20 katika lita 100 za maziwa. Chenye nusu ya nguvu hiyo utatia maradufu. Linganisha bei kwa nguvu, usilinganishe kwa ukubwa wa chupa.

Cha jadi hutoka katika tumbo la nne la ndama anayenyonya. Jibini la Parmigiano Reggiano la Italia haliruhusiwi kingine. Ni ghali, na upatikanaji wake hutegemea machinjo. Mwislamu atataka kujua ndama alichinjwaje. Asiyekula nyama hatakigusa.

Cha kuvu, hasa Rhizomucor miehei, kwa kawaida ndicho rahisi zaidi. Kwa jibini laini la kuliwa wiki hiyohiyo, kinatosha kabisa. Tatizo ni kwamba hukatakata protini ovyo: jibini la kukomazwa kwa miezi huweza kuwa chungu, na sehemu ya protini huenda na maji. Lita 100 za maziwa ya ng'ombe hutoa takriban kilo 10 za jibini gumu. Ukipoteza asilimia 1 tu, umemwaga gramu 100, na thamani yake yaweza kuzidi akiba uliyoipata dukani.

Ninachokipendelea mimi ni kimosini inayotengenezwa na chachu. Ni kimeng'enya kilekile cha ndama, ila hakuna ndama anayechinjwa. Jeni yake ilipandikizwa katika Kluyveromyces lactis, chachu inayoweza kula sukari ya maziwa. Chachu hiyo hukuzwa katika matangi makubwa na kutoa kimosini nje ya seli zake, kisha seli huchujwa zikaondolewa. Marekani iliidhinisha kwanza kimosini ya bakteria mwaka 1990, na ya chachu ikafuata. Kwa kuwa hukata kaseini, protini kuu ya maziwa, karibu mahali pamoja tu, bonge la maziwa hukaza vizuri na uchungu huwa nadra. Kwa jibini gumu, sioni sababu ya kulipia cha ndama.

Chochote utakachochagua, nunua chupa utakayoimaliza kabla ya muda wake kuisha, ihifadhi kwenye friji, na ukizimue kigandishi kwa maji baridi yasiyo na klorini. Maji ya bomba yenye klorini hukiharibu.